UZI: Kobalti kwa kipimo, kontra za miezi sita. Sisi wa Lubumbashi tunajipanga vipi?

FundiSampuli (mwanzisha uzi)

Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Kampemba.

Kila ukigusa habari ya madini hapa kwetu, siasa inaingia na maneno yanapotea njia. Naomba leo siasa ibaki nje. Nataka tuzungumze kazi: yako, yangu, na ya yule mdogo wako aliye Polytechnique pale UNILU, chuo kikuu chetu, anayeamini kuna mgodi mahali fulani umeshamwekea kofia yake.

Yaliyotokea mnayajua, ila nayapanga kwa ajili ya walio mbali. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kupeleka kobalti, madini ya betri, nje. Miezi minne, ikaongezwa mitatu. Oktoba mlango ukafunguliwa kwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa kila mwaka, 2026 na 2027. Mwaka 2024 nchi ilikuwa imetoa zaidi ya tani 200,000. Piga hesabu mwenyewe. Uamuzi wenyewe siupingi: bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 10 kwa ratili (pauni ya uzito), wakati mwanzoni mwa 2022 ilipita dola 30, na mlango ulipofungwa bei ikapanda tena. Nchi ilikuwa na sababu zake. Lakini bei ikipanda London, kontra ya fundi wa Lubumbashi hairudi yenyewe.

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni sampuli: jiwe linasagwa, linayeyushwa kwa asidi, linaingia kwenye mashine, mashine inasema kuna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Nilikuwa kwa kampuni ya sutretansi, inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni nyingine, ambayo siitaji. Wakati wa kurudisha kontra (kuifanya upya) ulipofika, wengine walirudishiwa na wengine hapana. Kati ya waliobaki nje nawakumbuka wawili, nami nimewatazama kwa makini tangu siku ile.

Wa kwanza alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Vidole vyake vilijua mashine ile moja, vitufe vilevile, karatasi zilezile za mteja yuleyule. Bado anazunguka na bahasha. Wa pili alikuwa mpole, anachelewa kumaliza, kwa sababu alipenda kujua kwa nini namba imetoka hivi. Alijifunza kurekebisha mashine, kutengeneza vipimo vya kulinganishia, kugundua sampuli iliyochafuka. Leo anapima maji ya visima. Mashine ya aina ileile inayotafuta kobalti ndani ya jiwe inatafuta risasi ndani ya maji ya kunywa, na mji huu una visima vingi.

Watu huuliza kama kobalti itaisha, au kama magari ya umeme yataiacha. Hilo la pili limeshaanza: betri za chuma na fosfati hazitumii kobalti hata chembe, na mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Mimi nafuatilia, lakini hata nikijua bei ya mwaka kesho nitafanya nini nayo? Ninachojiuliza ni hiki: mwajiri wangu akifunga geti leo, ni vitu vingapi vya maisha yangu vinafungwa pamoja na geti lile?

Wazee wetu walijibiwa swali hilo vibaya. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, ilianza 1906, Gécamines ikarithi 1967. Nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, posho ya unga kila mwezi. Watu walisema kazi njo (ndiyo) baba, kazi njo mama, na hawakuwa wakitania. Mwaka 1986 kampuni ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaporomoka, likaja pillage (uporaji) la 1991, na kufika 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka huohuo ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari kwa fedha za Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka. Mtu aliyetoka hakupoteza mshahara peke yake. Daktari, mwalimu wa watoto, duka la unga, vyote vilikuwa na jina moja.

Sasa angalia leo. Kampuni hazitoi tena posho, sawa. Lakini mkopo wako wa kiwanja unakatwa kwenye mshahara, bima ya wagonjwa ni ya kampuni, simu ni ya kampuni, barua pepe yenye diplome zako ni ya kampuni, na watu wote unaowafahamu kikazi wanakula kantini moja na wewe. Tumerudi palepale, tofauti ni kwamba kontra zetu ni za miezi sita.

Karibuni.

---

Kreza_wa_Ruashi

Yaya FundiSampuli, umeandika vizuri, lakini huu ni uzi wa wenye diplome. Sisi wa shimoni tunajipanga kwa nini? Bei ikipanda tunashuka, bei ikishuka tunashuka zaidi ili kufidia. Mwenye kununua ndiye anasema kipimo cha jiwe lako ni asilimia ngapi, na hauna mashine ya kumbishia. Artiklo 15, ile ya kila mtu ajitafutie mwenyewe, tumeisoma tangu tumboni mwa mama. Kujipanga ni kwa mtu mwenye kesho.

---

FundiSampuli

@Kreza_wa_Ruashi usijitoe, wewe uko ndani kabisa. Hapo uliposema hauna mashine ya kumbishia mnunuzi ndipo penyewe. Wachimbaji wanaochanga pesa na kupeleka sampuli yao kupimwa pengine kabla ya kuuza wapo, sijatunga. Yule kijana kati yao anayejua kuchukua sampuli vizuri, kuchanganya gunia lote na kugawa robo robo badala ya kuokota jiwe lililong'aa juu, huyo tayari ana ufundi ambao hautegemei shimo moja.

---

Tshomba

Naweka kiti hapa. Moderata uzi huu uubandike juu.

---

Mzee_Likasi

Bana bangu, salamu. Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anaandika.

Mimi ni mtu wa bobinaji. Kufunga upya nyaya za mota iliyoungua. Nilianza kijana, kwenye karakana kubwa, mota za pampu, mota za vinu vya kusaga mawe, zingine zinapita mtu kwa urefu. Niliondoka na kundi la 2003. Mnauliza nani aliishi na nani alikauka baada ya pale, basi nisikilizeni, maana niliwaona.

Wale waliopokea pesa na kununua gari la taksi siku ileile, wengi wao gari lilikufa na pesa ikafa. Hawakuwa wajinga. Mtu aliyeendesha mtambo miaka ishirini hajui barabara, hajui makanika, hajui polisi wa barabarani. Alinunua kazi asiyoijua. Na waliokwenda shamba nao vilevile: aliyekuwa analima kila Jumamosi tangu zamani aliendelea vizuri, aliyeshika jembe siku ya kwanza baada ya kupokea pesa alirudi mjini kabla mahindi hayajakomaa.

Mimi nilikwenda kwa wenye vinu vya mahindi. Kinu cha bukari kina mota. Mota inaungua kwa sababu umeme wa SNEL unapanda na kushuka. Nilikaa na koili zangu kwenye baraza, na mpaka leo vijana wanakuja. Kazi ni ileile niliyofanya kiwandani, mota tu imekuwa ndogo na mteja ni mwingine.

Kwa hiyo mutu akiniambia "badilisha kazi", mimi namuuliza kwanza: kazi yako uliyonayo, nani mwingine anaihitaji? Tafuta huyo kwanza. Kubadilisha kabisa ni kwa mtu aliyekosa jibu.

---

MamaKasumba

Heshima kwako Mzee. Umenisemea.

Ila naomba wanaume wa uzi huu mwache kusema biashara kama kimbilio la mtu aliyefukuzwa. Mimi nafanya Kasumbalesa zaidi ya miaka kumi. Mnadhani huku hakuna kutikisika? Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, wakazuia mahindi kutoka, unga hapa Lubumbashi ukawa wa kuulizwa bei mara mbili kwa mshtuko. Agosti ya mwaka uleule wakafunga mpaka kabisa kwa siku chache, eti ugomvi wa bia na vinywaji tulivyozuia kuingia. Malori yalipanga mstari, na mwenye nyanya alizitazama zikioza. Na kontra zenu zisiporudishwa huko migodini, mimi nayajua kabla ya redio: wateja wanaanza kununua unga kwa kopo.

Kilichonishika mimi ni mambo mawili. Sinunui kwa mtu mmoja: nina mwenye mahindi upande wa Zambia na nina mwenye mahindi huku Kasenga. Wa Kasenga ni ghali zaidi wakati mwingine, na bado namnunulia kidogo kila msimu ili asinisahau. Kingine ni likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Siku hizi vijana wanaidharau kwa sababu haitoi riba. Mimi siweki pesa pale kwa riba, naweka ili kuwe na wanawake kumi na tano ambao wananijua kwa pesa, siyo kwa salamu. Siku mzigo wangu uliposhikwa, hao ndio walitoa.

Haya, endeleeni na kobalti yenu.

---

Ing_Bel-Air

Nimefanya kazi Kolwezi na sasa niko hapa, upande wa umeme. Niongeze machache kwa wadogo zangu wa Polytechnique.

Wengi mnaogopa akili bandia. Ni kweli, kazi za kuandika ripoti za zamu, kupanga orodha za vipuri, kuchora mipango rahisi, hizo zinapungua watu. Nimeona ripoti iliyokuwa inamla mtu asubuhi nzima ikitoka kabla chai haijapoa. Lakini njoo uniambie ni programu gani itapanda nguzo saa nane usiku mvua ikinyesha. Shida kubwa ya migodi yetu ni umeme, tena imekuwa hivyo muda mrefu. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina kilomita 1,700 na ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haitoshi. Kampuni zinanunua umeme Zambia, zinawasha jenereta za mazutu, sasa zinaweka sola na betri. Mwenye kujua kuunganisha vyote vitatu visigombane hatafuti kazi, kazi inamtafuta.

Msidhani shaba peke yake ndiyo salama, eti kwa sababu tumeipita Peru na sasa tuko wa pili duniani nyuma ya Chile. Mei 2025 mgodi wa chini wa Kakula ulisimama kwa sababu ya mitetemo, maji yakajaa. Shaba ilikuwa na bei nzuri kabisa wakati huo. Mgodi mmoja unaweza kusimama hata soko likiwa limechangamka. Walioitwa haraka wakati ule ni watu wa pampu, wa umeme, wa kupima mwendo wa miamba.

Lugha: Kifaransa chako kitakupa diplome. Kiingereza kitakufungulia mafundisho ya bure ya intaneti na kazi za Zambia. Kichina cha karakana, maneno ya vipuri na usalama, kitakufanya uwe mtu anayetafutwa na pande mbili kila zikigombana. Nimeona fundi wa kawaida akipandishwa cheo kwa hilo tu.

---

Kreza_wa_Ruashi

@Ing_Bel-Air kwa hiyo wote tuwe mafundi umeme? Basi baada ya miaka mitano mafundi umeme watakuwa wengi kuliko nguzo. Tuliona kwa informatika. Kila shule ilifungua seksheni ya informatika, leo wale vijana wanauza vocha za simu.

---

Ing_Bel-Air

Umenipiga pazuri. Siwezi kukujibu kwa kusema umeme hautajaa. Unaweza kujaa. Ila wale wa informatika wengi walifundishwa ubaoni bila kompyuta, hilo nawe unalijua. Mtu aliyefundishwa mota bila mota hatofautiani nao. Pale INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, hapa Lubumbashi kuna karakana zenye vifaa. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua mahali utakapochafuka mikono.

---

Mhamiaji_wa_Kivu

Nasoma kimya tangu juzi. Mimi ni wa Goma, niko Lubumbashi kwa ndugu wa mke wangu.

Ninyi mnaogopa kampuni ifunge. Kwetu Januari 2025 vita vilipoingia mjini, benki zote zilifunga, na uwanja wa ndege. Mtu mwenye akiba alikuwa na namba kwenye karatasi, basi. Pesa za simu zilikuwapo lakini noti za kuzitoa zilikuwa adimu, na wenye noti walikata walichotaka. Na kabla ya hapo volkano, 2002 na tena Mei 2021. Sisi tumezoea kuondoka na begi.

Sina mengi ya kufundisha. Diplome yangu, kadi ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za kazi nilikuwa nimevipiga picha na kujitumia mwenyewe kwenye barua pepe yangu binafsi. Mwenzangu wa ofisi moja, mwenye uzoefu kunishinda, vyake vilibaki kabatini. Tulifika hapa karibu wakati mmoja. Mimi niliomba kazi wiki ileile. Yeye mpaka leo anatafuta mtu wa kuthibitisha kwamba alisoma.

---

MamaKasumba

Pole sana, ndugu yangu. Karibu Lubumbashi. Ukikwama niandikie, kuna mama mwenzetu wa Bukavu katika likelemba yetu.

---

FundiSampuli

@Mhamiaji_wa_Kivu pole, na asante. Nimesimamisha kusoma nikaenda kupiga picha vyeti vyangu, sitanii.

Naona ujumbe mwingi wa pembeni unaouliza mtu aanzie wapi. Sitawapa orodha ya kazi za kesho, maana Kreza atazivunja zote na atakuwa na haki. Nitasema ninachofanya mimi.

Kwanza karatasi. Kila mwisho wa kontra nadai cheti cha huduma kinachosema nilifanya nini hasa, sio "ajenti wa maabara" halafu muhuri. Nimekataa kimoja na kuomba kiandikwe upya chenye majina ya mashine na vipimo nilivyofanya. Karatasi za mshahara naziweka zote, na nimekwenda CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuuliza kama michango iliyokatwa imefika. Fanyeni hivyo mkiwa bado kazini, ukishatoka hakuna anayekumbuka jina lako.

Halafu sheria. Wengi tunaogopa Kodi ya Kazi (sheria ya kazi) ya 2002 kama kitabu cha wakili tu. Humo imeandikwa kwamba kontra ya muda maalumu haiwezi kupita miaka miwili. Na mtu wa kibarua cha siku kwa siku akifikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, kumchukua tena kabla ya miezi hiyo kuisha kunahesabiwa kuwa kontra ya muda usio na kikomo. Mmeshaelewa kwa nini vibarua wengi wanapumzishwa siku ya 20 au 21? Sisemi mkapigane nao. Nasema mtu anayeijua hesabu hiyo hapangi harusi kwa kutegemea mwezi wa tatu.

Pesa: mkopo wangu hauzidi muda wa kontra yangu. Hii imenichelewesha kujenga na mke wangu hafurahii, nakubali. Lakini nawaona majirani wenye mkopo wa miaka mitatu juu ya kontra ya miezi sita, na usingizi wao nausikia mpaka kwangu.

Biashara ya pembeni, mimi sina. Najua uzi kama huu unatarajia niseme fungua kuku, fungua kantini. Mtu wa zamu, wiki mbili mgodini, kuku wanalindwa na nani? Wengi tunaanzisha biashara ambayo ni mshahara wa shemeji. Badala yake Jumamosi zangu ninazopata naenda kwa yule mwenzangu wa maji ya visima. Hanilipi mengi. Najifunza upande wa maji, na wateja wake wameanza kunijua kwa jina.

---

Mzee_Likasi

Hiyo njo kazi. Aliyelima kila Jumamosi.

---

Tshomba

Nimetoka kwenye kiti changu ili niulize. Nimepewa kontra ya miezi sita, Kolwezi, kuendesha mtambo wa kuchuja, kwa kampuni ya sutretansi. Mshahara unapita wa hapa kwa theluthi. Niache kazi yangu ya Lubumbashi ya miaka minne, karakana ya pampu, mshahara mdogo lakini unafika? Jibu linatakiwa Ijumaa.

---

MamaKasumba

Theluthi hiyo kodi ya nyumba ya Kolwezi itaimeza kabla ya wewe kuiona. Waulize kama wanalaza watu.

---

Ing_Bel-Air

Mtambo wa kuchuja wa aina gani, na nani atakufundisha? Ukienda kubonyeza vitufe viwili kwa miezi sita, utarudi na pesa kidogo na bila pampu. Wakikuingiza kwenye matengenezo, mimi ningekwenda.

---

FundiSampuli

Tshomba, mwenye karakana yako ni mtu wa kuongea naye? Kabla ya Ijumaa muulize kama atakupokea tena baada ya miezi sita, au kama utaweza kumtafutia kazi za pampu huko Kolwezi. Akikubali, hujaacha kazi, umeongeza mji. Akikataa kwa hasira, nalo ni jibu.

Na ile kontra usiisaini kwa sababu ya ukurasa wa mshahara peke yake. Angalia imeandikwa nani anagharimia matibabu, kazi yenyewe imeelezwa vipi, na mteja wao akisimamisha uzalishaji wewe unalipwa nini. Kipengele hicho cha mwisho mara nyingi kiko kurasa za nyuma, maandishi madogo. Ipige picha, futa jina la kampuni na lako, iweke hapa leo jioni. Ing, tafadhali uwepo.